Mzazi anapotaka kuhama na watoto: Aliyebaki afanye nini?

Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake, Sahaba zake na kila mwenye kufuata mwenendo wao mpaka Siku ya Malipo.

Ndugu Waislamu, talaka inapotajwa, mazungumzo yetu aghalabu huishia katika eda, matumizi na mahari. Leo tungependa tulitazame jambo ambalo huja baadaye, pengine miaka miwili au mitatu baada ya ndoa kuvunjika, wakati kila mmoja amekwisha kuizoea hali yake mpya. Jambo lenyewe ni pale mmoja wa wazazi anapoamua kuhama mji au nchi, naye anataka kuondoka na watoto.

Sababu za kuhama ni nyingi. Mama aliyeachwa akiwa Dar es Salaam hushindwa kulipa kodi ya nyumba, akaona ni heri arudi kwa wazee wake Mwanza au Kigoma. Baba hupata kazi Muscat au Dubai, akataka wanawe wakasome huko. Mwanamke huolewa tena na mume mpya anaishi Uingereza. Yote haya ni mambo ya halali, na hapana anayeweza kumfunga mwenziwe kamba asitoke katika mji. Lakini mtoto si sanduku la nguo. Ana baba na ana mama, na umbali wa kilomita 1,000 unaweza kumfanya awe kama yatima ilhali wazazi wake wote wawili wako hai.

Je, yule anayebaki ana haki gani? Afanye nini, na asifanye nini?

Hadhana ni amana

Malezi ya mtoto mdogo katika sheria ya Kiislamu huitwa hadhana. Maana yake ni kumtunza asiyeweza kujitunza, yaani kumlisha, kumwogesha, kumlaza, kumwuguza na kumkinga na yenye kumdhuru. Msingi wa hukumu hii ni Hadithi aliyoipokea Abdullah bin Amr (R.A.) na ikaandikwa na Imamu Ahmad na Abu Daud. Mwanamke alimwendea Mtume (S.A.W.) akamshitakia kwamba amembeba mwanawe tumboni, amemnyonyesha na amemlea mapajani, na sasa baba yake amemwacha na anataka kumnyang'anya. Mtume (S.A.W.) akamhukumia kuwa yeye ndiye mwenye haki zaidi, madamu hajaolewa na mume mwingine.

Hata hivyo, kuwa na hadhana hakumfanyi mama awe mmiliki wa mtoto, wala hakumtoi baba katika wajibu wake. Matumizi ya mtoto ni juu ya baba, na nasaba ni ya baba. Elimu, adabu na ulinzi ni jukumu lake pia. Ndiyo maana Allah (S.W.) katika Suratul Baqara, aya ya 233, baada ya kutaja kunyonyesha na matumizi, amekataza mama asidhuriwe kwa sababu ya mwanawe, na baba naye asidhuriwe kwa sababu ya mwanawe. Katika aya hiyo hiyo, hata jambo la kumwachisha mtoto ziwa limefungamanishwa na kuridhiana na kushauriana kwa wazazi wawili.

Tuzingatie hapo. Ikiwa kumwachisha mtoto ziwa kunahitaji mashauriano, itakuwaje kumhamisha kutoka Tanga hadi ng'ambo kusihitaji?

Kisa cha Sayyidna Umar na mwanawe

Imamu Malik (aliyefariki mwaka 179 Hijria) ameisimulia katika Muwatta habari yenye mazingatio makubwa. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alikuwa na mke katika Maansari, akazaa naye mtoto aitwaye Asim, kisha wakaachana. Siku moja Umar alifika Quba akamkuta mwanawe akicheza katika uwanja wa msikiti. Akamshika mkono akampandisha juu ya mnyama wake, ili aende naye. Bibi mzaa mama wa mtoto akamkimbilia na kumzuia, wakavutana mpaka wakafika mbele ya Khalifa, Sayyidna Abubakar (R.A.). Umar akadai mtoto ni wake, na bibi naye akadai vivyo hivyo. Abubakar akaamua mtoto aachwe kwa bibi, na Umar hakujibu hata neno moja.

Kisa hiki kina mafunzo mawili yanayotuhusu leo. La kwanza, mapenzi ya baba, hata akiwa ni baba wa cheo cha Umar, hayampi ruhusa ya kumchukua mtoto akaondoka naye bila ya utaratibu. La pili, bibi yule hakukusanya vijana wa mtaa wakampige mtu. Alikwenda kwa hakimu, na hakimu alipokata shauri, mwenye nguvu zaidi kati yao ndiye aliyenyamaza na kutii.

Wanazuoni wamesemaje kuhusu safari?

Wanazuoni wametofautisha baina ya safari ya haja na safari ya kuhama. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea katika pwani yetu, Imamu Nawawi ameeleza katika Minhaj kwamba mmoja wa wazazi akisafiri kwa haja, kama vile biashara au Hija, mtoto hubaki na yule aliyeko mjini mpaka msafiri arejee. Ama safari ikiwa ni ya kuhama moja kwa moja, baba ndiye mwenye haki zaidi, awe yeye ndiye anayehama au ndiye anayebaki. Lakini kuna masharti: njia iwe ya amani na mahali anakokwenda pawe pa amani. Mama naye akifuatana na mtoto hadi huko, haki yake ya hadhana haipotei. Sababu waliyoitaja ni kuhifadhi nasaba ya mtoto, adabu yake na elimu yake.

Wanazuoni wa Kihanafi wana njia nyingine. Kwao mama anaweza kuhama na mtoto kwenda mji wa kwao, ikiwa ndoa ilifungwa huko, au kwenda mahali pa karibu ambapo baba anaweza kumwona mwanawe na kurejea nyumbani siku hiyo hiyo. Wamaliki nao wameuangalia umbali wa safari. Kwa hiyo atakayesimama barazani na kusema kwamba Uislamu una kauli moja tu katika suala hili, na kauli hiyo ni ile inayompendelea yeye, atakuwa hakusoma sawasawa.

Imamu Ibnul Qayyim (aliyefariki mwaka 751 Hijria) ameitazama mizani ya jambo lenyewe katika Zadul Maad. Kwa mtazamo wake, linalopaswa kuangaliwa ni lipi lenye maslahi zaidi kwa mtoto na ni wapi atahifadhika vizuri. Na ikidhihiri kwamba mmoja wa wazazi anahama ili amdhuru mwenziwe na kumpokonya mtoto, basi hakubaliwi alitakalo. Haya yanakwenda sambamba na kanuni inayotokana na Hadithi mashuhuri, kwamba mtu hapaswi kudhuru wala kulipiza dhara kwa dhara.

Hapa ndipo ulipo moyo wa makala hii. Kuhama si dhambi. Dhambi ni kumfanya mtoto kuwa fimbo ya kumchapia mtalaka wako.

Sheria ya nchi inasemaje?

Tanzania Bara, mashauri ya malezi huamuliwa na mahakama za Serikali. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 125, inaipa mahakama uwezo wa kumkabidhi mtoto kwa baba au mama, na jambo la kwanza la kuzingatiwa ni ustawi wa mtoto. Baada ya hapo mahakama huangalia matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto aliyefikia umri wa kutoa maoni yake, na desturi za jamii ya wahusika. Sheria hiyo inachukulia kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba ni bora awe na mama yake, isipokuwa kama itathibitishwa vinginevyo. Msomaji ataona kwamba umri huo unakaribiana na ule wa kupambanua mambo, ambao Mashafi wanasema mtoto akiufikia hupewa hiari ya kuchagua kati ya baba na mama.

Lililo muhimu zaidi kwa mada yetu ni kwamba mahakama inaweza kuweka masharti juu ya amri ya malezi. Inaweza kusema mtoto aishi wapi na asome wapi, mzazi wa pili amwone lini, na hata kumzuia aliyepewa malezi asimtoe mtoto nje ya nchi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inampa mtoto ambaye wazazi wake wametengana haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi wa pili, ili mradi masomo yake yasivurugike. Tuone kwamba haki hiyo imetajwa kuwa ni ya mtoto, hivyo mzazi anayeizuia humdhulumu mwanawe kabla ya kumdhulumu mtalaka wake.

Zanzibar ina sheria zake na ina Mahakama ya Kadhi iliyo sehemu ya mahakama za Serikali. Mwenye shauri huko na aanzie kwa Kadhi wa wilaya yake.

Hatua za mzazi anayebaki

Kwanza, ahakikishe habari. Mara nyingi habari ya kuhama huletwa na mtoto mwenyewe au na jirani, nayo huwa imeongezwa chumvi. Mzazi amwulize mwenzake kwa upole: anakwenda wapi, lini, kwa muda gani, watoto watakaa na nani, watasoma shule gani na madrasa ipi? Safari ya likizo ya mwezi mmoja si kuhama. Na anayehama Temeke kwenda Bagamoyo si sawa na anayekwenda Mwanza, zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Dar es Salaam.

Pili, ajihesabu nafsi yake. Baba ambaye hajatoa matumizi kwa mwaka mzima, kisha akasimama mlangoni akipiga kelele kwamba watoto wake wasiondoke, na ajiulize ni nani aliyemsukuma mama huyo kurudi kwao. Huenda kodi ya nyumba na ada ya shule vikawa ndiyo suluhisho la shauri zima. Kadhalika mama anayempinga baba asiende na watoto na ajiulize: anachelea maslahi ya watoto, au anachelea kwamba watapendana na mke mpya wa baba yao?

Tatu, waite wasuluhishi. Qurani katika Suratun Nisaa, aya ya 35, imeelekeza mume na mke wanapohitilafiana kutumwe mwamuzi kutoka jamaa za mume na mwamuzi kutoka jamaa za mke. Aya hiyo inahusu ndoa ambayo bado ipo, lakini hekima yake haikomi kwa talaka. Ami mwenye busara na mjomba mwenye busara wanaweza kumaliza kwa jioni moja jambo ambalo mahakamani litachukua miezi. Wakishindwa, kuna imamu wa msikiti, kuna mabaraza ya usuluhishi ya Waislamu, na kuna Afisa Ustawi wa Jamii katika kila halmashauri.

Nne, makubaliano yaandikwe. Sisi Waislamu tumeamrishwa kuandika deni, na aya ya deni ndiyo ndefu kuliko zote katika Qurani. Mtoto ana thamani kubwa kuliko deni. Waandike mtoto ataishi wapi na nani atakuwa mlezi wake wa kila siku, na likizo za Juni na Desemba atazitumia kwa nani. Waandike pia Idd ipi ataila kwa baba na ipi kwa mama, nani atalipa nauli, na siku gani na saa ngapi atazungumza kwa simu na mzazi aliye mbali. Waongeze kwamba hakuna atakayemhamisha tena bila ya kumjulisha mwenziwe mapema. Kisha watie sahihi mbele ya mashahidi, na ikiwezekana makubaliano hayo yasajiliwe mahakamani, yapate nguvu ya amri.

Tano, aende mahakamani kabla ya safari. Ikiwa mazungumzo yameshindikana na tarehe ya kuondoka imekaribia, mzazi asisubiri. Maji yakimwagika hayazoleki. Apeleke maombi ya malezi au ya haki ya kumwona mtoto, na pamoja nayo aombe zuio la muda ili mtoto asiondolewe mpaka shauri lisikilizwe. Pakiwa na dharura ya kweli, mahakama inaweza kulisikiliza ombi hilo la muda kwa upande mmoja kwanza. Aambatanishe cheti cha kuzaliwa cha mtoto, hati ya talaka, ushahidi wa matumizi aliyotoa, na chochote kinachoonyesha mpango wa safari. Akipata zuio la kumtoa mtoto nje ya nchi, nakala aifikishe Uhamiaji, kwani amri iliyobaki kabatini haimzuii mtu mpakani wala uwanja wa ndege. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili awaendee wasaidizi wa kisheria, ambao wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Sita, ikiwa mtoto amekwisha kuondolewa. Ndani ya nchi, mzazi afungue shauri bila kuchelewa, na akihofia usalama wa mtoto atoe taarifa Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Ikiwa amevushwa mpaka, jambo huwa gumu zaidi. Upo mkataba wa kimataifa wa mwaka 1980, uliofikiwa Den Haag, unaohusu kurejeshwa kwa watoto waliovushwa mipaka isivyo halali. Lakini mkataba huo hufanya kazi baina ya nchi zilizojiunga nao tu. Pasipo mkataba, mzazi hulazimika kufungua shauri katika mahakama za nchi aliko mtoto, kwa gharama zake. Ndiyo maana tumesisitiza hatua ya tano.

Mambo ya kuepukwa

Mzazi asimvizie mtoto shuleni au madrasani akamtorosha. Atakuwa amefanya lile lile analomshutumu mwenziwe, na mbele ya hakimu atakuwa amejiharibia shauri lake.

Baba asikate matumizi ili amlazimishe mama abaki. Chakula cha mtoto si silaha. Wajibu huo haumwondokei kwa sababu mtoto yuko Kigoma au Muscat.

Wala asimfanye mtoto kuwa jasusi, akimwuliza kila jioni nani amekuja nyumbani na mizigo imefungwa mingapi. Asimwambie kwamba mama yako anakuiba au baba yako hakutaki. Maneno hayo mtu mzima huyasahau baada ya wiki, lakini mtoto huyabeba mpaka ukubwani.

Neno kwa anayehama

Tusiwasemeshe waliobaki peke yao. Kwa mama au baba anayehama kwa haki, tunasema: haki yako isafishe kwa uwazi. Mwambie mwenzako mapema, si siku ya safari. Mpe anwani na namba ya simu, na jina la shule. Mtoto apewe nafasi ya kuagana na baba yake, bibi zake na wenzake wa madrasa. Na usimhesabu aliyebaki kuwa ni adui kwa sababu analia. Tirmidhi amepokea Hadithi inayomwonya mwenye kumtenganisha mama na mwanawe kwamba Allah atamtenganisha na wapenzi wake Siku ya Kiyama. Hadithi hiyo asili yake ni katika mateka wa vita. Ikiwa mateka alichungiwa hilo, mtu uliyekula naye sahani moja anastahili zaidi.

Isipokuwa yule anayekimbia kipigo au hatari ya kweli juu yake au juu ya watoto. Huyo hatumwambii akae akashauriane na mwenye kumpiga. Atangulize usalama, kisha aende haraka polisi, ustawi wa jamii na mahakamani, ili kuondoka kwake kusijekageuzwa kuwa utoro.

Mtoto naye asikilizwe

Imepokewa kwa Abu Huraira (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alimpa mvulana hiari ya kuchagua kati ya baba yake na mama yake, naye akaushika mkono wa mama yake wakaondoka. Mbele ya wazazi wawili wanaozozana, Mtume (S.A.W.) alimgeukia mtoto. Ni wangapi miongoni mwetu wanaofanya hivyo? Tunapanga shule, tunapanga basi, tunapanga ndege, na mwenye safari hatujamwuliza neno. Mtoto wa miaka mitano hawezi kukata shauri. Lakini wa miaka kumi anajua ni wapi anapolala kwa amani, na anajua pia atakayemkosa. Aulizwe kwa faragha, bila kutishwa wala kuahidiwa baiskeli.

Ndugu wazazi, ndoa inaweza kwisha kwa neno moja, lakini ubaba na umama hauna talaka. Allah (S.W.) ametukumbusha katika Suratul Baqara, aya ya 237, pale anapozungumzia wanaoachana, tusisahau fadhila baina yetu. Mtoto atakayekua akijua kwamba wazazi wake waliachana kwa wema, na kwamba alipohamishwa mlango wa mzazi wa pili haukufungwa, huyo ndiye tunayetaraji atatuombea dua tukiwa kaburini, sote wawili kwa pamoja.

Tunamwomba Allah (S.W.) azilainishe nyoyo za wazazi waliotengana, awaongoze mahakimu na wasuluhishi katika uadilifu, na awahifadhi watoto wetu popote walipo, waliobaki na waliosafiri. Amin.

Wabillahi tawfiq.